Mashine ya graviti kwenye mtambo wa dhahabu: ipimeni kwa mabaki, si kwa makinikia

Swali la msomaji wa Wete, Pemba, kwa ufupi: "Mimi na wenzangu wawili tuna mtambo mdogo wa kuchenjua dhahabu huko Chunya, Mbeya. Tunasaga kiasi cha tani 100 kwa siku kwa bolimili moja (kinu cha mipira ya chuma) yenye saikloni (chombo kinachopitisha tope laini na kurudisha mchanga mkubwa kinuni), kisha tope linaingia katika matangi sita ya sayanaidi inayoyeyusha dhahabu na kaboni inayoinasa, linakaa humo saa 24 hivi. Mawe yetu yana wastani wa gramu 4 kwa tani. Tunasaga pia marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, tunayonunua kwa wachimbaji. Tunachopata hakizidi asilimia 85. Sasa fundi mmoja ametuletea pendekezo la kuongeza mashine ya graviti, ile ya bakuli linalozunguka na kukamata dhahabu kwa uzito wake, na anatuahidi asilimia 10 zaidi. Fedha tutakayoitoa ni ya karafuu za msimu huu. Tununue? Na tukinunua, tuiweke wapi?"

Ndugu yangu, bado msinunue. Mashine hizi ni nzuri na zimethibitika. Migodi mikubwa kama Geita na North Mara inakamata sehemu ya dhahabu yake kwa njia hii kabla tope halijafika kwenye sayanaidi. Ninachokikataa ni hiyo asilimia 10, kwa sababu aliyeitaja hajapima mabaki yenu, yaani tope linalotoka tangi la mwisho kwenda bwawani. Na fedha ya karafuu mnaijua nyinyi wenyewe ilivyo: ikishatoka, kuirudisha ni mpaka mikarafuu izae tena.

Anza na hesabu. Tani 100 zenye gramu 4 kila moja ni gramu 400 za dhahabu kwa siku. Mnapata 340, mnapoteza 60. Fundi anaposema atawaongezea asilimia 10, anasema atakuleteeni gramu 40 kila siku, yaani thuluthi mbili ya dhahabu yote inayowatoroka. Muulizeni hizo 40 amezionaje. Kama jibu lake ni kwamba mtambo mwengine ulipata hivyo, basi anazungumzia mawe ya watu wengine.

Dhahabu inayopotea kwenye mtambo kama wenu huwa katika mojawapo ya hali nne, na graviti inasaidia hali moja tu. Ya kwanza ni chembe kubwa iliyo huru, imeshaachana na mwamba, lakini sayanaidi haikupata muda wa kuimaliza. Chembe ya mikroni 45 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) huyeyuka ndani ya nusu siku hivi, ikiwa oksijeni na sayanaidi vipo vya kutosha; chembe ya mikroni 150 inaweza kutaka karibu siku mbili. Nyinyi mnaipa saa 24. Inatoka kwenye tangi la mwisho imepungua tu, na inakwenda bwawani. Hii ndiyo graviti inaikamata, na inaikamata vizuri.

Ya pili ni dhahabu iliyofungwa ndani ya jiwe au ndani ya pairaiti (madini ya chuma na salfa) kwa sababu hamkusaga laini. Bakuli halitaitoa humo. Dawa yake ni kinu, na pengine saikloni yenu imechoka mdomo na inaruhusu mchanga mkubwa upite. Ya tatu ni dhahabu iliyokwisha kuyeyuka ikabaki ndani ya maji, kwa sababu kaboni ni kidogo, imechoka, au haisogezwi kwa wakati. Msidharau hiyo. Tope likiwa na yabisi, yaani mchanga mkavu, asilimia 45, kila tani 100 za mchanga zinafuatana na tani zipatazo 122 za maji; maji hayo yakiwa na miligramu 0.05 tu kwa lita, ni gramu sita zinakwenda kila siku bila mtu kuona kitu. Ya nne ni vumbi la kaboni iliyokatika, limebeba dhahabu na limepita kwenye chujio la mwisho lililotoboka. Kwa hizi mbili za mwisho mnahitaji kaboni mpya na wavu mzima, vitu vya bei ndogo kabisa ukilinganisha na mashine mnayotajiwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuyauliza mabaki. Mchukue sampuli ya tope linalotoka tangi la mwisho kila saa, usiku na mchana, kwa siku tatu au nne ambazo mtambo unakwenda kawaida na mnasaga mawe yenu tu. Sampuli ichotwe kwa kukata mkondo wote kwa upana wake, isichotwe pembeni mwa tangi, kwa maana chembe nzito hazitembei pembeni. Maji yachujwe yapimwe mbali. Mchanga ukaushwe, uchanganywe, kisha upitishwe kwenye chekeche za mikroni 150, 106, 75 na 38, na kila fungu lipimwe dhahabu yake. Hiyo ni siku moja au mbili za kazi ya maabara. Ipo maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini huko Dodoma, na zipo za kampuni binafsi Mwanza.

Hapo mtaona picha. Tuseme mafungu mawili ya juu, yaani kila kilicho zaidi ya mikroni 106, yana asilimia 40 ya dhahabu yote ya mabaki. Hizo ni gramu 24 kwa siku. Bado hamjui kama ni huru au imefungwa, kwa sababu zote mbili hukaa kwenye mchanga mkubwa. Gawanyeni fungu hilo vipande viwili: kimoja kitiwe kwenye chupa yenye sayanaidi mpya kizungushwe saa 48 kama kilivyo, cha pili kisagwe laini kwanza, kisha kifanyiwe vivyo hivyo. Kama kipande cha kwanza kimetoa dhahabu yake nyingi, ilikuwa huru na ilikosa muda tu, na hapo graviti ina hoja. Kama cha kwanza kimetoa kidogo na cha pili kimetoa nyingi, ilikuwa imefungwa, na fedha yenu iende kwenye kusaga.

Tuseme imetokea kuwa huru. Katika gramu 24 hizo mashine haitachukua zote. Mimi kwa mpango wa fedha ningehesabu nusu, gramu 12 kwa siku. Hiyo ni asilimia 3. Lakini asilimia 3 ya kweli, kwa siku 25 za kazi, ni gramu 300 kwa mwezi. Piga kwa bei ya soko la madini ya siku hiyo, toa umeme, maji, mlinzi na vipuri, ndipo mtajua mashine itajilipa kwa miezi mingapi. Ni hesabu nzuri kabisa ya kuingilia biashara, na mimi ningeikubali mbele ya asilimia 10 ya maneno.

Kuna kosa moja ambalo wenye mitambo wengi huliingia, na nataka mlielewe vyema. Siku mashine itakapofungwa, mtaona dhahabu kwa macho. Itakuwa pale kwenye meza ya kuisafishia, ya manjano, gramu 80 au 100 kwa siku, na kila mtu atafurahi. Lakini sehemu kubwa ya gramu hizo ingepatikana vilevile kwenye kaboni. Mmeihamisha njia tu. Kaboni itapungua mzigo wake, na mwisho wa mwezi jumla inaweza kuwa ileile. Dhahabu mliyoongeza ni ile tu ambayo mabaki yamepungukiwa nayo. Mabaki yakiwa gramu 0.6 kwa tani kabla ya mashine na 0.6 baada yake, hamkupata kitu, hata kama makinikia yanang'aa namna gani. (Makinikia ni neno ambalo nchi nzima ililijua 2017 pale usafirishaji wake nje ulipozuiwa, yale yalikuwa ya shaba na dhahabu, haya yenu yatakuwa mchanga mzito mweusi wenye dhahabu ndani yake.)

Sisemi kwamba kuhamisha njia hakuna faida. Dhahabu ya meza inauzika baada ya siku moja au mbili, wakati ya kaboni inangoja ijae, ioshwe, iyeyushwe. Kama nyinyi mnapeleka kaboni yenu kuoshwa kwenye mtambo wa mtu mwengine, kama wafanyavyo wadogo wengi, mnalipa na mnangoja foleni. Fedha kuzunguka haraka ni faida ya biashara. Iandikeni kwa jina lake, msiiite ongezeko la dhahabu.

Sasa marudio. Hapa ndipo barua yako ilinitia wasiwasi, kwa sababu umeyataja kwa neno moja tu. Marudio mnayonunua yameshapita kwenye mwalo (mfereji wa kuoshea mchanga) wa mchimbaji, na mchimbaji huyo ameshatoa dhahabu kubwa kwa zebaki. Kilichobaki humo kwa kawaida ni laini au kimefungwa, ndiyo maana anakuuzia. Kwa hiyo siku mnazosaga marudio, graviti itakuwa na kazi ndogo sana ya dhahabu. Lakini itakuwa na kazi nyengine msiyoitaka: itakusanya zebaki. Zebaki ina uzito wa mara 13.5 ya maji, na matone yake madogo, pamoja na vipande vya zebaki iliyoshikana na dhahabu, yatajaa bakulini kama dhahabu yenyewe. Yakifika mezani mfanyakazi wenu atayaona kama dhahabu nyeupenyeupe, atayatia kwenye tanuri, na mvuke wa zebaki utajaa chumba. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, na unaharibu ubongo na figo.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020. Minamata ni mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki kwenye ghuba, ikaingia kwenye samaki, na tangu 1956 watu waliokula samaki hao wakajulikana kuwa na ugonjwa wa neva na watoto kuzaliwa na ulemavu. Mtu wa Pemba, ambaye kitoweo chake kinatoka baharini, haelezwi mara mbili maana ya hilo. Basi shauri langu: mashine ikiwepo, marudio yasipite humo, yapitishwe kando moja kwa moja. Na ikitokea zebaki imeonekana kwenye makinikia hata mara moja, msichome kitu kwenye tanuri la wazi. Itumike ritoti iliyofungwa, yaani chombo kinachonasa mvuke wa zebaki, nje, na watu wenye vifaa. Wala asitokee mtu akakushaurini kuyamaliza makinikia kwa zebaki kwa kuwa ni rahisi. Mtu huyo aondoke kwenye mtambo wenu.

Nije kwenye suala la mahala, tukichukulia vipimo vimekubali.

Dhahabu ni nzito mara 19.3 ya maji, na mwamba wa kwazi mara 2.65. Vikizama majini, maji yanapunguza uzito wa kila kimoja, na tofauti iliyobaki ni karibu mara 11. Mama zetu wanaitumia kanuni hiyo kila wanapotoa mawe kwenye mchele: wanautia maji, wanatikisa beseni, wanaumimina mchele polepole kwenye chombo cha pili, mawe yanabaki chini. Mashine ya bakuli inazidisha tofauti hiyo kwa kuzunguka. Zile za chapa ya Knelson zinafanya kila chembe ihisi uzito wa mara 60 ya kawaida, ndipo hata chembe ndogo zinabaki kwenye mifereji ya bakuli, huku maji yanayosukumwa kupitia vitundu vya ukuta wake yakizuia mchanga usigande.

Saikloni yenu nayo inapanga kwa uzito. Chembe ya dhahabu ambayo tayari ni ndogo ya kutosha kwenda matangini, saikloni inaidhania ni jiwe kubwa na kuirudisha chini, kwenye kinu. Inazunguka hivyo mara nyingi, inapigwa na mipira ya chuma, inabanjuka kuwa bapa au inakatika, mpaka siku itakapotoka juu. Matokeo yake ni kwamba mkondo unaotoka mdomo wa chini wa saikloni una dhahabu huru nyingi kuliko mkondo mwengine wowote kwenye mtambo. Hapo ndipo mashine inywe. Kama mnataka kuliona jambo hili kabla ya kutoa shilingi, chota tope la mdomo wa chini wa saikloni mara moja kila zamu, lioshe kwenye karai, na uandike unachokiona. Karai likionyesha mkia wa dhahabu kila siku, endeleeni na vipimo. Likiwa kavu wiki nzima, simamisheni mazungumzo na fundi.

Si lazima mkondo wote upite. Tani 100 kwa siku ni kama tani 4.2 kwa saa, na mzigo unaorudi kinuni ukiwa mara mbili na nusu ya hizo, mdomo wa chini unatoa kama tani 10 na nusu kwa saa. Tani 3 au 4 kati ya hizo zikipita bakulini zinatosha, kwa sababu chembe iliyokosa mara hii itapita tena. Anayekuuzieni mashine ya kumeza mkondo wote anakuuzieni chuma kingi kuliko mahitaji.

Kabla ya bakuli liwepo chekeche la milimita 2. Hili halina mjadala. Bila ya hilo kokoto zitaziba mifereji, na vipande vya mipira iliyovunjika vitajaa humo, kwani chuma ni kizito mara 7.8 na kinashindania nafasi na dhahabu. Sumaku juu ya mkondo inasaidia pia.

Kinachosahauliwa zaidi ni maji. Bakuli linataka mita za ujazo kadhaa za maji kila saa, na yawe safi. Maji ya kurudi kutoka bwawani yenye matope yataziba vile vitundu vya ukutani katika wiki chache, na kwa kuwa yana sayanaidi yataanza kuyeyusha dhahabu mliyoikamata na kuhatarisha mikono ya anayeisafisha. Maji hayo yote, pamoja na ya kunyunyizia chekeche, yanaingia kwenye mzunguko wenu wa kusaga. Mkiyarudisha mdomoni mwa kinu, tope ndani yake litakuwa jepesi, mipira itapiga mipira badala ya mawe, na usagaji utaharibika. Yarudishwe kwenye shimo la pampu ya saikloni, na maji mnayotia hapo sasa yapunguzwe kwa kiasi hichohicho. Fundi asiye na karatasi ya hesabu ya maji hajapanga kazi yake. Na Chunya kiangazi mnajua wenyewe hali ya visima.

Bakuli linasimama kila baada ya dakika 30 hadi 60 na kumwaga lilichokamata. Kwa tani zenu, meza ya kutikisika inatosha kuyasafisha makinikia. Hamhitaji kile kitangi cha sayanaidi kali ambacho migodi mikubwa inakitumia. Meza haitakamata yote, na kinachomwagika mezani kirudi kinuni, kisitupwe. Kilichosafika kinayeyushwa kwa borakisi na magadi ya soda, na chumvi ya naitreti kidogo kama kuna pairaiti.

Nyinyi watatu mko Wete na mtambo uko Chunya. Dhahabu ya kwenye kaboni ni ngumu kuiba. Mtu lazima abebe magunia na ajue pa kuyaosha. Dhahabu ya bakuli inaingia mfukoni. Kwa hiyo bomba la kumwagia makinikia liingie moja kwa moja ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasio wa zamu moja, na mmoja wao awe wenu. Chumba cha meza kiwe na kamera na mlango mmoja. Kila mwago uandikwe saa na uzito wake. Haya yaingie kwenye bajeti ya mashine tangu mwanzo. Si kumdhania mtu vibaya. Ni kuwakinga wafanyakazi waaminifu wasije wakashutumiwa kwa kitu ambacho hakikuhifadhiwa. Ongezeko hilo la mashine mulizungumze pia na ofisi ya Tume ya Madini ya mkoa, kwani leseni yenu ya uchenjuaji ilitolewa kwa mtambo kama ulivyo sasa.

Mkifika kwenye mkataba, msikubali kifungu kinachosema mashine itakamata gramu kadha kwa siku. Nimeshaeleza kwa nini. Kifungu kiseme mabaki. Na kwa kuwa mawe yanabadilika kila wiki, kulinganisha mwezi wa kabla na mwezi wa baada hakuthibitishi kitu. Ifanywe hivi: mashine iendeshwe wiki moja, ipitishwe kando wiki moja, iendeshwe tena, wiki nane kwa jumla, mawe yenu tu bila marudio. Siku mbili za mwanzo za kila wiki zisihesabiwe, kwa sababu matangi bado yana tope la wiki iliyopita. Sampuli za mabaki za siku zilizobaki zipimwe na maabara isiyo ya fundi wala yenu. Wastani wa wiki za mashine ukiwa chini ya wastani wa wiki bila mashine, tofauti hiyo ndiyo mali yake, na malipo ya mwisho, tuseme robo ya bei, yangoje karatasi hiyo.

Na vipimo vya mawe yenyewe, msitegemee kipimo cha moto (sampuli kuyeyushwa tanurini ili dhahabu yake ipimwe) cha gramu 30 au 50. Mawe yenye dhahabu kubwa yanadanganya: chembe moja ikiingia kwenye hizo gramu 30 unaambiwa una gramu 20 kwa tani, isipoingia unaambiwa huna kitu. Ombeni maabara ichuje kilo moja kwa chekeche la mikroni 106, kilichobaki juu kipimwe chote, na cha chini kipimwe mara mbili. Kama kuna uwezo, upo pia mtihani wa hatua tatu ulioasisiwa na Laplante wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada: sampuli inasagwa kidogo kidogo na kupitishwa kwenye bakuli dogo la maabara kila hatua, kuonyesha dhahabu gani inakamatika kwa uzito na kwa ukubwa gani. Jibu lake ni kikomo cha juu. Mtambo hupata sehemu yake tu.

Anzeni na yale mafungu ya chekeche ya mabaki na chupa mbili za sayanaidi. Majibu yakitoka, nitumie karatasi zote pamoja na kipimo cha maji ya tangi la mwisho na tarehe ambayo mdomo wa chini wa saikloni ulibadilishwa mara ya mwisho, nami nitakupigia hesabu ya ukubwa wa bakuli kabla hujamjibu fundi.